Bweni, wodi na mtaa: Mwanafunzi wa afya wa mwaka wa kwanza akae wapi Tononoka?

Mwanafunzi wa afya anayefika Tononoka, Mombasa, kuanza mwaka wa kwanza huwa na maswali mawili kabla ya kipindi cha kwanza darasani: atalala wapi, na maji atayapata wapi. La kwanza hujibiwa na keateka wa gorofa la Tudor mwenye funguo za bedsita, au na mwenye nyumba ya Kiswahili kule Majengo anayepangisha chumba kimoja kimoja, choo na bafu vikiwa vya wote. La pili hujibiwa na msukuma mkokoteni anayeuza mitungi ya lita 20 mlango hadi mlango siku mifereji inapokauka.

Yote mawili huhesabiwa kuwa shughuli ya mzazi na mfuko wake. Kodi ya mwezi wa kwanza hulipwa pamoja na amana, godoro hununuliwa, na mwanafunzi huachiwa mtaa aujue mwenyewe.

Kwa anayesomea uhasibu, huenda hilo likamtosha. Kwa anayesomea uuguzi, maabara au afya ya umma, namna watu wanavyopanga, wanavyoteka maji na wanavyopata riziki ni sehemu ya somo lake, kwa kuwa maradhi mengi anayoyakuta wodini chanzo chake kimo humo.

Ndiyo sababu swali la makazi ya wanafunzi wapya wa afya linastahili kuondolewa katika orodha ya matatizo ya vitanda na kuwekwa katika orodha ya masuala ya masomo. Vipo vyuo vilivyokwisha kufanya hivyo kwa kuanzisha bweni la masomo.

Bweni la masomo ni nini

Katika bweni la masomo, kikundi cha wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaopenda jambo moja hupangwa kukaa nyumba moja, au ghorofa moja ya bweni kubwa, kwa mwaka mzima. Husoma pamoja walau somo moja linalohusu jambo hilo. Walimu huwafuata bwenini kwa vipindi vya jioni, na mwanafunzi wa mwaka wa juu hukaa nao akiwa mlezi.

Kwa kikundi cha afya na jamii, ratiba huongezewa ziara za zahanati, masoko, mahakama na ofisi za huduma za jamii, pamoja na kazi za kujitolea. Humo huchanganywa atakayekuwa muuguzi, atakayekuwa mtaalamu wa maabara, na yule anayesomea sosholojia au uchumi ambaye hatashika sindano maisha yake yote.

Mfano unaotajwa mara nyingi katika historia ya mipango hii ni wa Marekani. Mwaka 1927 mwanafalsafa Alexander Meiklejohn alifungua chuo cha majaribio ndani ya Chuo Kikuu cha Wisconsin. Walimu na wanafunzi walitumia bweni moja. Mwaka wa kwanza walisoma habari za Athens ya kale, wa pili wakasoma Marekani yao wenyewe, na katikati ya miaka hiyo kila mwanafunzi alipewa kazi ya kuchunguza eneo la kwao.

Chuo hicho kilifungwa mwaka 1932, lakini wazo lilibaki. Mwaka 1967 Chuo Kikuu cha Michigan kilianzisha chuo cha ndani chenye bweni na madarasa chini ya paa moja. Baadaye chuo hichohicho kilianzisha mpango wa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaovutiwa na sayansi za afya, wanaoishi pamoja na kusoma pamoja.

> Bweni la kawaida humpa mwanafunzi kitanda. Bweni la masomo humpa kitanda, somo, mlezi na mtaa wa kujifunzia.

Pwani ina mizizi yake

Kukaa pamoja kwa ajili ya elimu si mambo ya ng'ambo peke yake. Lamu, mwishoni mwa karne ya 19, Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija, alianzisha darsa zilizozaa Msikiti Riyadha. Wanafunzi walimfuata kutoka pande nyingi za pwani, wakakaa, wakala na wakasoma mahali pamoja. Wengi wa waliomzunguka walikuwa watu wa kawaida wa mtaa wa Langoni, na jambo hilo halikuwapendeza baadhi ya waungwana wa mtaa wa Mkomani. Habib Swaleh alifariki mwaka 1935, na Riyadha imeendelea kupokea wanafunzi wa kulala.

Mombasa yenyewe ina mfano ulio karibu zaidi. Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, iliyojulikana kwa kifupi cha MIOME, ilianzishwa mwaka 1948 na kufungua milango yake Tudor mwaka 1951. Fedha zilitoka kwa Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamii ya Mabohora na serikali ya kikoloni. Ilijengwa kwa ajili ya vijana Waislamu wa Afrika Mashariki, wengi wao wakisafiri kutoka mbali, na bweni lilikuwa sehemu ya mpango tangu mwanzo.

Jina lilibadilika mara kadhaa: Taasisi ya Kiufundi ya Mombasa mwaka 1966, Mombasa Polytechnic mwaka 1972, chuo kikuu kishiriki mwaka 2007, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, TUM, mwaka 2013. Idadi ya wanafunzi ilikua, masomo yakaongezeka, na sayansi za afya zikaingia. Bweni likabaki huduma ya wachache wanaowahi nafasi.

Mtaa wenye kila kitu isipokuwa paa

Tononoka ni mojawapo ya wadi tano za eneobunge la Mvita. Nyingine ni Mji wa Kale/Makadara, Tudor, Majengo na Shimanzi/Ganjoni. Kisiwa chenyewe ni kidogo, na taasisi za afya za upande huu zimekaribiana kiasi cha kufikiwa kwa miguu au kwa tuktuk.

Ipo Hospitali Kuu ya Pwani, hospitali ya rufaa na mafunzo ambayo wengi bado huiita Makadara. Ipo kampasi ya Mombasa ya Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya, KMTC, taasisi yenye historia ya tangu mwaka 1927 na kampasi zaidi ya 70 nchini. TUM ipo Tudor, barabara ya Tom Mboya. Na Tononoka ndiko iliko mahakama ya watoto, inakosikilizwa kesi za malezi, matunzo na watoto wanaohitaji ulinzi.

Ongeza hapo ukumbi wa kijamii wa Tononoka, uwanja wake maarufu kwa mikutano ya hadhara, na mitaa ya Majengo ambako nyumba za vyumba sita zenye ukumbi katikati hukaliwa na familia kadhaa. Jirani kuna Buxton, ambako nyumba za zamani za baraza la mji zilianza kubomolewa mwaka 2021 kupisha magorofa mapya, na kuhama kwa wapangaji kukawa gumzo la mji.

Kwa maneno mengine, mwalimu wa afya na jamii anayetaka kuonyesha uhusiano wa makazi, sheria, kipato na maradhi hahitaji basi la kukodi. Kinachokosekana ni mpango unaowaweka wanafunzi wapya pamoja na kuwaongoza kuyaona hayo.

Somo lililomo ndani ya mtungi

Mfano mmoja unatosha kuonyesha kinachoweza kufundishwa. Katikati ya mwaka 2004 watu wa Lamu walianza kuugua homa iliyoambatana na maumivu makali ya viungo. Ilikuwa chikungunya. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba takriban robo tatu ya wakazi wa mji huo waliambukizwa. Mwaka huohuo ugonjwa ulifika Mombasa, mwaka 2005 ukaingia Komoro, kisha Réunion na visiwa vingine vya Bahari ya Hindi.

Virusi hivyo husambazwa hasa na mbu aina ya Aedes aegypti. Mbu huyu huuma mchana, hupenda kukaa karibu na watu, na hutaga mayai penye maji yaliyotulia ndani ya vyombo: mapipa, ndoo, matangi yasiyofunikwa, matairi. Lamu ilikuwa imepita kipindi cha ukame. Watu walihifadhi maji ndani ya nyumba kwa kuwa hawakuwa na uhakika wa kuyapata kesho, na watafiti waliohusisha ukame huo na mlipuko waliitazama akiba hiyo kuwa mazalio ya mbu.

Mwishoni mwa mwaka 2017 chikungunya ilirudi Mombasa na kuendelea hadi mwaka 2018. Homa ya dengi, inayosambazwa na mbu huyohuyo, nayo imezuka mjini humu zaidi ya mara moja.

Mombasa hupata maji yake kutoka mbali: Mzima, ambako bomba lake lilikamilika mwaka 1957, Marere, Tiwi na Baricho. Vyanzo vyote hivyo viko nje ya kisiwa, na mgao ni jambo la kawaida. Kila nyumba hujiwekea akiba. Kumwambia mama wa Majengo amwage maji ya pipa lake ili kuua viluwiluwi, bila kumhakikishia mengine, ni kumwambia jambo asiloweza kulitekeleza.

Mwanafunzi aliyesoma virusi peke yake atatoa agizo hilo na kushangaa halifuatwi. Aliyekaa mwaka mmoja akiteka maji kwa zamu na wenzake, na akafundishwa kuuliza kwa nini, atafikiria kifuniko, wavu, ratiba ya mgao na bei ya mtungi. Huko ndiko kukutana kwa afya na jamii.

> Agizo la kumwaga maji halina maana kwa mtu asiyejua mfereji utatoa lini tena.

Hofu nazo zina historia

Mwezi Mei 2020 serikali ilifunga njia za kuingia na kutoka Mji wa Kale ili kuzuia Korona, siku moja na Eastleigh ya Nairobi. Baadhi ya wakazi walisita kupimwa. Waliogopa kutengwa, kupoteza riziki na kunyooshewa kidole na majirani. Sehemu ya majengo ya TUM ilitayarishwa kuwa kituo cha kuwatenga wagonjwa.

Kusita huko hakukuanza na Korona. Zamani za ukoloni habari za mumiani, watu wanaodaiwa kunyonya damu, zilienea Afrika Mashariki nzima. Mwanahistoria Luise White alizichambua katika kitabu chake *Speaking with Vampires* cha mwaka 2000, akizichukulia kuwa ushahidi wa namna watu walivyouona utawala na tiba yake.

Kilifi, ambako kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kimekuwapo tangu mwaka 1989, watafiti walikuta hofu ya kutolewa damu miongoni mwa wazazi wa watoto walioshiriki utafiti. Badala ya kuwakejeli, kituo kilijenga mfumo wa wawakilishi wa jamii wanaokutana na watafiti mara kwa mara. Wataalamu wa sayansi ya jamii wakawa sehemu ya kazi ya maabara.

Mambo haya hayaingii vizuri katika mhadhara wa saa moja. Huhitaji mazungumzo marefu, maswali ya usiku, na mtu wa pwani aliyekulia katika habari hizo akimsimulia mwenzake wa Kisii au Meru aliyefika Mombasa juzi. Bweni hutoa nafasi hiyo bila kulazimisha.

Eldoret walitangulia nusu ya safari

Kenya haianzii sifuri. Mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Moi kilipokea wanafunzi 40 wa kwanza wa udaktari mjini Eldoret kwa mtaala uliokuwa mpya nchini. Nguzo zake mbili zilikuwa kujifunza kwa kutatua matatizo katika vikundi vidogo, na elimu inayofanyika ndani ya jamii, mpango unaojulikana kwa kifupi cha COBES.

Chini ya mpango huo, mwanafunzi huanza kuijua jamii tangu mwaka wa kwanza. Miaka inayofuata hupelekwa kwenye vituo vya afya vya mashambani, akakaa huko kwa majuma kadhaa, akachunguza hali ya wakazi na kushiriki huduma. Makerere nayo ilibadili mtaala wake mwaka 2003 kuelekea njia hiyo. Zanzibar, kuanzia mwaka 2007, ilifundisha madaktari visiwani kwa msaada wa walimu wa Cuba, nchi ambayo daktari wa familia huishi katika mtaa anaouhudumia.

Mizizi ya fikra hiyo iko Afrika. Mwaka 1940 madaktari Sidney na Emily Kark walifungua kituo cha afya Pholela, Afrika Kusini, wakaanza kwa kuwatembelea watu majumbani na kuandika wanakula nini na wanaugua nini. Miaka 38 baadaye mkutano wa Alma-Ata uliitangaza huduma ya afya ya msingi kuwa njia ya dunia nzima.

Hata hivyo COBES ni safari: mwanafunzi huenda kwa jamii, kisha hurudi chuoni. Bweni la masomo linaongeza jambo ambalo safari haiwezi kulitoa, nalo ni ujirani. Mgeni wa majuma mawili huonyeshwa ukumbi uliofagiwa. Jirani wa mwaka mzima hujua siku maji yalipokatika na mtoto wa nani alilazwa.

Hoja za wanaolitaka

Wanaotetea bweni la masomo husema mwaka wa kwanza ndio hatari zaidi kwa mwanafunzi. Mtaalamu wa elimu Vincent Tinto alijenga tangu mwaka 1975 nadharia kwamba mwanafunzi hubaki chuoni akishikamana na watu na masomo ya chuo hicho. Mwaka 2008 George Kuh aliiweka mikusanyiko ya kujifunza pamoja katika orodha ya mbinu zinazoinua matokeo ya wanafunzi.

Kwa wanafunzi wa afya ipo sababu ya ziada. Wanaosomea uuguzi na udaktari wa kliniki huingia wodini mapema. Kijana wa miaka 18 au 19 huona damu, maumivu na kifo, kisha hurudi chumbani peke yake. Akikaa na wenzake waliotoka zamu hiyohiyo, pamoja na mlezi aliyekwisha kupitia hayo, ana wa kuzungumza naye kabla hajakata tamaa.

Wazazi wa Kwale, Tana River au Lamu wanayo hoja yao. Wengi hupenda binti afikie kwa shangazi au jamaa mwingine Mombasa kuliko kupangiwa chumba peke yake. Jamaa naye ana watoto na majukumu, na msichana hujikuta akipika na kulea mpaka usiku ndipo afungue daftari. Bweni lenye mlezi anayeaminika huwapa familia hizo njia ya tatu.

Hoja za wanaolitilia shaka

Shaka ya kwanza ni ya kitaaluma. Wanaojiunga na mipango hii huchagua wenyewe, na mara nyingi ni wale waliokuwa na bidii tangu zamani. Wakifaulu, si rahisi kujua kama ni bweni lililowafaulisha. Watafiti wa mipango ya Marekani wenyewe wameijadili kasoro hiyo kwa miaka mingi.

Shaka ya pili inauhusu mtaa. Wakazi wa Majengo, Tononoka na Mji wa Kale wamezoea kubishiwa hodi na watu wenye fomu za maswali ambao hawarudi kueleza walichokipata. Kikundi cha vijana kinachozunguka kila juma kikiuliza habari za choo na uzazi kinaweza kuwa kero, na kinaweza kuvunja siri za watu.

Shaka ya tatu ni kwamba bweni laweza kuwatenga wanafunzi badala ya kuwaunganisha na jamii. Anayepanga chumba Majengo tayari anaishi na majirani wa kweli. Kumhamishia kwenye jengo lenye geti na askari ni kumwondoa darasani na kumfundisha habari za darasa hilo kwa picha.

Wenye hosteli binafsi na vyumba vya kupanga nao wana masilahi. Kodi ya wanafunzi huendesha nyumba nyingi za Tudor na Tononoka. Mpango wa chuo unaowachukua wapangaji hao bila kuwashirikisha wenye nyumba hautapokelewa vizuri.

Usalama hauna mjadala

Historia ya mabweni nchini Kenya inatosha kumfanya mzazi asite. Mwezi Machi 2001 moto wa bweni katika shule ya Kyanguli, Machakos, uliua wavulana 67. Septemba 2024 watoto 21 walikufa kwa moto wa bweni la shule ya Hillside Endarasha, Nyeri. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi walivamia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi waliokuwa mabwenini.

Mwongozo wa usalama wa shule wa mwaka 2008 uliagiza madirisha ya mabweni yasiwe na vyuma vya kuzuia kutoka, na milango ifunguke kwa nje. Masharti hayo yaliandikwa kwa ajili ya shule, lakini moto hauulizi kama waliolala ni wa sekondari au wa chuo. Gorofa nyingi za mjini zina vyuma madirishani kwa kuogopa wezi. Jengo lolote litakalokodishwa kwa ajili ya bweni la masomo lapaswa kukaguliwa kwanza.

> Bweni lisilo na njia ya pili ya kutokea halifai kulaza mtu, sembuse kufundisha afya.

Nani alipe

Kwa miaka mingi serikali ya Kenya iliwalisha na kuwalaza wanafunzi wa vyuo vikuu vya umma. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 utaratibu huo uliachwa na kila mwanafunzi akaanza kulipia chakula chake. Mwaka 1995 ikaundwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia, vyuo vingine vikafuata, na idadi ya wanafunzi ikaipita mbali idadi ya vitanda.

Serikali iliwahi pia kuwaweka pamoja wanafunzi wapya kwa lengo jingine. Kuanzia mwaka 1984 hadi 1990 waliochaguliwa kwenda vyuo vikuu walipitia kwanza mafunzo ya miezi mitatu katika Huduma ya Vijana kwa Taifa. Walilala pamoja, wakafanya kazi za mikono, wakafundishwa nidhamu. Mpango huo unaonyesha kwamba taifa likitaka linaweza kuwakusanya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Unaonyesha pia kwamba kuwakusanya bila somo na walimu wao hakujengi jumuiya ya elimu.

Kujenga jengo jipya kisiwani, ambako ardhi ni ghali na haba, kutachukua miaka. Njia nyepesi ni chuo kukodi ghorofa moja au mbili za hosteli iliyopo, mwanafunzi akalipa kodi ileile ambayo angelipa mtaani, na chuo kikagharimia mlezi, mwalimu wa jioni na ukaguzi. Hapo mwenye nyumba habaki nje, na mzazi haongezewi mzigo.

Kilicho hatarini

Nchi imebadili namna ya kutoa huduma. Septemba 2023 serikali iliwazindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao laki moja, wanaotembelea nyumba hadi nyumba wakiwa na mikoba ya vifaa. Mwezi uliofuata ikatiwa saini Sheria ya Huduma za Afya ya Msingi. Tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ikachukua nafasi ya mfuko wa bima ya hospitali, NHIF.

Wahamasishaji hao wanahitaji kusimamiwa na watu wanaoujua mtaa. Mgonjwa anayefika Makadara bila kujisajili SHA anahitaji mhudumu anayeelewa kwa nini mvuvi, mama muuza viazi karai au kijana wa bodaboda asiye na mshahara wa mwezi huona vigumu kulipa mchango wa mwaka kwa mkupuo. Hayo hayafundishwi na kitabu cha anatomia.

Elimu ya afya inayoishia wodini huzalisha mhudumu anayejua kutibu dengi lakini hajui kwa nini nyumba ileile huleta wagonjwa kila msimu. Gharama yake hulipwa na familia, na hulipwa tena na kaunti.

Namna ya kuanza

Mpango wa Tononoka hauhitaji jina kubwa. Unahitaji masharti machache yanayofuatwa.

Kwanza, kikundi kiwe kidogo, na kichanganye wanafunzi wa KMTC, wa TUM na wa masomo ya jamii, kwa makubaliano ya maandishi kati ya vyuo. Wavulana na wasichana wawe na nyumba tofauti, na jiko litayarishwe kwa ajili ya daku na futari mwezi wa Ramadhani.

Pili, nafasi zitolewe kwa kura miongoni mwa walioomba, na wasiopata wafuatiliwe matokeo yao pia. Kufanya hivyo hujibu shaka ya watafiti, kwa kuwa makundi mawili yatalinganishwa kwa haki.

Tatu, bweni liwe mtaani. Nyumba isiyo na geti kubwa, iliyo kati ya majirani, yenye maji ya mgao kama wao na njia mbili za kutokea, ina faida kuliko jengo lililojitenga.

Nne, wazee wa mtaa, maimamu, wachungaji na wahamasishaji wa afya wawe na kiti katika kamati. Wanafunzi wasiulize chochote nyumbani kwa mtu bila idhini yake na ya kamati, na kila mwisho wa muhula warudishe matokeo kwa wakazi katika ukumbi wa Tononoka, kwa Kiswahili.

Tano, kazi ya mwanafunzi iwe na manufaa yanayoonekana: kufunika matangi, kusaidia familia kujisajili SHA, kufuatilia chanjo za watoto. Mtaa ukifaidika hautachoka na wageni wake.

Hospitali, vyuo, mahakama na mtaa tayari viko mahali pamoja. Uamuzi uko kwa wakuu wa KMTC na TUM, idara ya afya ya Kaunti ya Mombasa, na wenye nyumba wa Tononoka na Tudor. Wakikaa meza moja kabla ya kundi la Septemba lijalo, mwanafunzi mpya wa afya hatakuwa mpangaji tu. Atakuwa ameanza kusoma tangu siku ya kwanza alipoweka godoro lake chini.